Ushusheni Ule Ubao wa Getini: Barua ya Wazi kwa Wakurugenzi na Mameneja wa Kampuni za Uhandisi

Ndugu wakurugenzi na mameneja,

Ubao ninaousema mnaufahamu. Ndio kitu cha kwanza mgeni anachokiona akishuka kwenye gari. Umepakwa rangi ya kijani, juu una nembo ya kampuni, katikati kuna tarakimu za kubandika: "Siku 412 bila ajali." Kila asubuhi kabla zamu haijaanza, karani wa usalama anabandua namba ya jana na kubandika ya leo. Mteja akija kukagua kabla ya kusaini mkataba, mnapiga naye picha hapo.

Nawaandikia kuhusu siku ya 412.

Mimi ni fundi mitambo. Nilianza nikiwa saidia fundi, sasa nasimamia zamu, na katikati ya hapo imepita miaka 21 na kampuni tatu. Ninalolisimulia lilitokea katika mojawapo ya hizo. Sitaitaja, kwanza kwa sababu haina tofauti kubwa na zile nyingine mbili, na pili kwa sababu mkosaji wa kwanza katika kisa hiki ni mimi mwenyewe.

Tulikuwa tunairudisha pampu kwenye msingi wake baada ya matengenezo. Pampu inaning'inia kwenye winchi ya mnyororo, kijana mmoja ameingiza mkono ili tundu za boliti zikutane. Mnyororo ukateleza kiasi cha upana wa vidole viwili, kisha ukashika tena. Vidole viwili tu, lakini kidole chake cha kati kilikuwa baina ya chuma na chuma. Hakupiga kelele. Alichomoa mkono, akautazama, akaniambia, "Mkuu, naomba maji."

Sikupiga simu ya dharura. Nilimfunga kitambaa safi, nikamtoa kwa geti la nyuma, nikampeleka kwa gari langu kwenye zahanati ambayo haikuwa kwenye orodha ya kampuni, karatasi isije ikarudi ofisini. Ncha ya kidole ikakatwa. Kesho yake alikuja kazini, kwa sababu tulimwambia aje. Kwa hesabu zetu, aliyeumia ni yule aliyeshindwa kuja kazini, na huyu alikuja. Wiki tatu alikaa stoo akihesabu glavu kwa mkono mmoja. Kwenye makaratasi iliitwa "kazi nyepesi". Getini iliitwa 413.

Mwisho wa robo mwaka bonasi ya usalama ililipwa. Na yeye alipata.

Hakuna meneja aliyeniagiza nifiche. Nataka mlielewe hilo vizuri, kwa sababu najua wengi wenu mnasoma hapa mkijiambia kwamba kwenu jambo kama hili haliwezekani, hamjawahi kutoa amri ya namna hiyo. Wala wa kwetu hakuitoa. Alikuwa mtu mwema, anasalimia mpaka mfagiaji kwa jina. Ila kila Jumatatu akiingia karakana, neno lake la kwanza lilikuwa, "Tuko siku ya ngapi?" Tukimjibu anapiga makofi. Mtu mzima akipigiwa makofi kwa namba kila wiki kwa mwaka mzima, hahitaji kuagizwa ailinde.

Na kuna jambo jingine ambalo nimelala nalo miaka mingi kuliko kile kidole. Ile winchi ilishateleza kabla. Kama wiki mbili nyuma, ikiwa imebeba gia boksi, na chini hakukuwa na mtu. Watu watatu tuliona. Tulicheka kile kicheko cha woga, mmoja akasema "chupuchupu!", tukaendelea na kazi. Kuripoti kulimaanisha fomu, fomu ilimaanisha winchi kufungiwa, winchi kufungiwa kulimaanisha kazi ya mteja kulala, halafu afisa usalama angekuja na daftari lake kuuliza nani alikuwa anaiendesha. Swali lake la kwanza siku zote lilikuwa "nani". Basi tukaiacha inaning'inia palepale.

Sasa neno "utamaduni wa usalama" mnalipenda. Liko kwenye sera mliyoisaini, liko kwenye kalenda, liko kwenye fulana za siku ya usalama. Lilianza kusikika baada ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl kulipuka Aprili 1986, pale washauri wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walipoona kwamba kuchunguza mitambo peke yake hakuelezi yote yaliyotokea, kwamba lazima pia watazame watu walikuwa wanaruhusiwa kusema nini na kunyamazia nini. Huku chini sisi tuna kipimo chake kidogo sana: mtu akileta habari mbaya, dakika ya kwanza anakutana na nini? Akikutana na uso uliokunjamana, ameshajifunza utamaduni wenu, na kufika saa ya chakula zamu nzima itakuwa imejifunza.

Tatizo la ubao ni kwamba unahesabu kitu kisichowaambia hatari iko wapi. Tarehe 23 Machi 2005 kiwanda cha kusafisha mafuta cha kampuni ya BP huko Texas City, Marekani, kililipuka walipokuwa wanawasha upya mtambo uliotoka matengenezoni. Mnara ulijazwa kupita kiasi, kipimo cha kina kikawa kinadanganya, mafuta yakafurikia kwenye bomba la kutolea gesi na mvuke wake ukashika moto. Watu 15 walikufa na 180 wakajeruhiwa. Waliokufa walikuwa wafanyakazi wa wakandarasi, kwenye mabanda ya ofisi za muda yaliyokuwa yamewekwa karibu na mtambo. Tume iliyoongozwa na James Baker, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani, ilitoa ripoti yake Januari 2007, na moja ya mambo iliyoyasema ni kwamba kampuni iliona takwimu za watu kujeruhiwa zinashuka, ikadhani mitambo nayo iko salama. Walikuwa wanahesabu vidole na vifundo vya miguu. Kipimo kibovu cha mnara hakikuwa na ubao wake.

Miaka mitano baadaye, 20 Aprili 2010, wakubwa wa BP na wa Transocean, kampuni iliyomiliki chombo, walikuwa juu ya Deepwater Horizon, chombo cha kuchimbia mafuta katika Ghuba ya Meksiko. Mojawapo ya yaliyowapeleka ni kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka 7 bila mtu kukosa kazi kwa kuumia. Usiku huohuo kisima kililipuka na watu 11 wakafa. Saa chache kabla, jaribio la kuangalia kama kisima kimezibwa lilitoa majibu yasiyoeleweka, na walioyasoma wakakubaliana kuyasoma kwa namna iliyoruhusu kazi isonge. Sidai kwamba pongezi ndizo zilizolipua kisima. Nasema tu kwamba wageni walipita na kupongeza, na hakuna kilichowaonyesha kwamba kulikuwa na la kuuliza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ila wahenga hawakutwambia la kufanya pale mgonjwa anapolipwa bonasi ili afiche.

Mkisema "lakini kwetu milango iko wazi, mtu yeyote anaweza kuja kusema", naomba mkumbuke usiku wa kuamkia 28 Januari 1986. Wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kusukumia chombo cha anga Challenger, walikuwa kwenye kikao cha simu wakisihi chombo kisirushwe asubuhi ile. Baridi ilikuwa kali, na mipira inayoziba maungio ya roketi hukakamaa kwenye baridi, ikashindwa kuziba. Walikuwa na vielelezo, na walisema, kwa hiyo hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Kisha mmoja wa wakubwa akamgeukia makamu wa rais aliyesimamia uhandisi, akamwambia avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Akaivua. Chombo kiliruka, sekunde 73 baadaye kikasambaratika na watu 7 waliokuwa ndani wakafa.

Ile kofia naifikiria sana, kwa sababu wengi wenu ni wahandisi. Mlianza kama sisi, na grisi kwenye kucha. Mnajua boliti iliyokazwa kwa mkono inavyofanana na iliyokazwa kwa spana ukiitazama kutoka mbali. Kisha mkapanda ngazi, na siku hizi mkiambiwa "vali haijarudi" mnasikia "mteja atachelewa".

Boliti iliyokazwa kwa mkono inanipeleka kwenye vibali vya kazi, yaani karatasi zinazoruhusu kazi ya hatari ianze, na hapo nitakaa kidogo, maana ndipo tunapodanganyana zaidi.

Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu moja kati ya mbili za kusukuma gesi iliyogeuzwa kuwa kimiminika ilikuwa imesimamishwa kwa matengenezo. Vali yake ya usalama ilitolewa kwenda kupimwa, na mahali pake pakafunikwa kwa kifuniko cha chuma ambacho hakikukazwa kuhimili presha. Kazi ya vali haikuisha ile zamu ya mchana. Vibali vilikuwa viwili, kimoja cha pampu na kimoja cha vali, na havikukaa pamoja. Saa 3:45 usiku pampu ya pili ikagoma. Zamu ya usiku ikatafuta makaratasi, ikaona kibali cha pampu kinachoonyesha kwamba matengenezo makubwa hayajaanza, ikaamua kuiwasha. Kibali cha vali hawakukiona, na mahali vali ilipokuwa palikuwa juu, hapaonekani kutoka kwenye pampu. Kufika saa 4 usiku gesi ilishavuja na kulipuka. Watu 167 walikufa. Pampu za kuzimia moto zilikuwa zimewekwa ziwashwe kwa mkono ili zisiwavute wapiga mbizi waliokuwa wakifanya kazi chini ya maji, na hakuna aliyeweza kuzifikia. Majukwaa jirani yaliendelea kusukuma mafuta kuelekea kwenye moto, wasimamizi wake wakisita kufunga bila idhini. Uchunguzi wa Lord Cullen, jaji wa Scotland, ulitoa mapendekezo 106 mwaka 1990, na mfumo wa vibali ulikuwa kati ya yaliyochambuliwa kwa undani.

Kila fundi aliyepita darasa la usalama amesimuliwa kisa hiki. Darasani tunatikisa vichwa. Kisha Jumatatu saa 12 na nusu asubuhi msimamizi anakaa na rundo la vibali 20 mezani, pembeni kikombe cha chai, anasaini huku anaongea na simu. Hajaenda kuona hata eneo moja. Nimekuwa msimamizi huyo. Unajiambia kazi hizi unazijua, jana zilikuwa hizihizi. Mara moja nilisaini kibali cha kuchomelea kwenye bomba nikaandika "eneo limekaguliwa, hakuna kitu kinachowaka". Nilipopita adhuhuri nikakuta wapaka rangi wameweka makopo matano ya tina chini ya ngazi, hatua nne kutoka cheche zinapodondokea. Hawakujua kuna mchomeleaji juu, na mchomeleaji hakujua kuna wapaka rangi chini. Karatasi yangu ilijua kwamba hakuna kitu kinachowaka.

Kwa nini nilisaini mezani? Kwa sababu vibali 20 vikikaguliwa kwa miguu vinachukua saa mbili, na ratiba mliyoipitisha ilinipa dakika 30. Hakuna kozi itakayoziba hiyo saa moja na nusu. Mnatupeleka kozi, tunarudi na vyeti, saa bado haipo. Mkitaka kibali kiwe na maana, ama punguzeni kazi zinazohitaji kibali zinazoanza asubuhi moja, ama ongezeni mtu wa pili wa kukagua, ama kubalini kwenye ratiba, kwa maandishi na mbele ya mteja, kwamba spana ya kwanza itashikwa saa 3. Hayo ni maamuzi ya ofisini. Sisi hatuwezi kuyafanya.

Na mnapokuja kukagua, acheni kuuliza kama kibali kipo, kwa sababu kitakuwepo. Muombeni fundi awaonyeshe kufuli lake, lile la kuzuia mtambo usiwashwe akiwa kazini, liko kwenye swichi ipi na ufunguo uko mfuko gani. Kufuli moja, mtu mmoja, ufunguo mmoja. Ukikuta msimamizi ana funguo za ziada za kila mtu kwenye droo "za dharura", hapo makufuli ni mapambo.

Kuna kijana mmoja mchomeleaji, mtu wa mkandarasi, aliyekataa kuingia ndani ya tanki kwa sababu hewa haikuwa imepimwa. Kipimo kilikuwa kimekwenda eneo jingine. Alikuwa sahihi kwa kila kipengele. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21, na chini ya asilimia 19.5 hakuna anayepaswa kuingia bila vifaa vya kupumulia. Kutu tu ya tanki lililofungwa muda mrefu inaweza kuila oksijeni hiyo bila harufu wala dalili. Msimamizi wa mkandarasi akamwambia, "Kama unaogopa, nyumbani ni karibu." Kesho yake hakuitwa. Mwingine aliingia, akatoka salama, na kwa kutoka kwake salama ikathibitika machoni pa wote kwamba yule wa kwanza alikuwa mwoga.

Hiyo siku moja ilifuta miaka yote ya mabango yanayosema "una haki ya kusimamisha kazi". Na haki yenyewe si hisani ya kampuni. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejitoa kwenye kazi kwa kuamini kwa sababu za msingi kwamba kuna hatari kubwa ya papo hapo, lazima alindwe asipate madhara kwa kujitoa kwake. Juni 2022 shirika hilo likauingiza mkataba huo kati ya misingi yake ya lazima, pamoja na ule unaokataza kazi za watoto na ule unaokataza kazi za shuruti. Mkataba huohuo unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Nakumbusha hilo kwa wale ambao wakandarasi wao wanawakata vibarua pesa ya buti.

Vibarua na watu wa wakandarasi ndio wanaokwenda juu zaidi, ndani zaidi, na kwa haraka zaidi. Ndio wanaopewa hanesi, mikanda ya kuzuia kuanguka, zilizokwisha. Na wakiumia, wengi wao hawaingii kwenye ubao wenu, kwa sababu "si wafanyakazi wetu".

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Nitawasimulia jambo lililokwenda vizuri, dogo, kwa sababu ndilo lililonifanya niamini kwamba haya yanawezekana.

Tulikuwa na mkanda wa kubebea mzigo wenye beringi ya mwisho inayotakiwa kutiwa grisi kila wiki. Mahali pa kutilia grisi palikuwa ndani ya wavu wa kinga. Kwa utaratibu unasimamisha mkanda, unafunga swichi kwa kufuli, unafungua wavu, unatia grisi, unarudisha. Kusimamisha na kuwasha upya kulikula dakika 40 za uzalishaji. Basi kila mtu alifungua wavu mkanda ukiwa unakimbia, akapenyeza bomba la grisi pembeni ya roli inayozunguka, na kuomba Mungu mkono wa ovaroli usinaswe. Kampuni ilijibu kwa njia tatu kwa mpangilio: bango, onyo la maandishi kwa fundi mmoja, kisha glavu mpya. Glavu! Karibu na roli inayozunguka glavu ndiyo inayokuvuta ndani.

Saidia fundi mmoja akasema, kwa nini tusiunge kibomba chembamba cha shaba kutoka kwenye beringi mpaka nje ya wavu, grisi itiwe huku nje? Kazi ya alasiri moja, kwa mabaki yaliyokuwa stoo. Wazo lile lilikaa kwenye sanduku la maoni miaka miwili. Lilitoka siku alipoingia meneja mpya wa matengenezo, mama mmoja mkimya, aliyeomba ufunguo wa sanduku, na ufunguo haukupatikana. Akalivunja. Akasoma karatasi zote akiwa amesimama, kisha akaja karakana kumtafuta aliyeandika ile ya kibomba. Hakumpa cheti. Alimuuliza, "Nionyeshe ni wapi," wakaenda wote. Ijumaa ile kibomba kilikuwa kimefungwa.

Wiki iliyofuata karatasi ziliongezeka sandukuni mpaka tukaacha sanduku tukaweka daftari mezani. Nyingi zilikuwa za hatari ambazo sisi tulishazizoea hata hatuzioni. Ngazi yenye kipago kinachozunguka. Taa iliyokufa juu ya bodi ya umeme. King'ora cha kreni kilichozibwa kwa kitambaa kwa sababu kinaumiza kichwa. Na winchi, ndiyo, winchi nyingine ya mnyororo, iliyoteleza mara moja bila mtu chini yake, ikaandikwa siku hiyohiyo na mtu akaweka jina lake.

Wataalamu wa usalama wana ngazi yao ya kudhibiti hatari: kwanza iondoe kabisa, ukishindwa ibadilishe kwa kitu kisicho hatari, ukishindwa itenganishe na mtu kwa uhandisi, kisha taratibu na mafunzo, na mwisho kabisa kofia, miwani na glavu. Sisi ni kampuni za uhandisi. Tunalipwa na wateja kufikiri kwa uhandisi. Inashangaza kwamba hatari ikiwa ya kwetu wenyewe tunarukia ngazi ya mwisho, tunanunua glavu.

Mtu anayetajwa sana kwenye semina za wakubwa ni Paul O'Neill, aliyechukua uongozi wa kampuni ya alumini ya Alcoa mwaka 1987 na kuwaambia wawekezaji kwamba jambo lake la kwanza ni usalama wa wafanyakazi. Sehemu hiyo mnaijua. Sehemu isiyosimuliwa sana ni kwamba miaka kadhaa baadaye alimfukuza mmoja wa wakuu wake, mtu aliyekuwa na sifa nzuri kibiashara, kwa sababu wafanyakazi wa kiwanda kimoja huko Meksiko waliugua kwa gesi na makao makuu hayakuambiwa. Tatizo lenyewe lilikuwa limeshashughulikiwa. Alifukuzwa kwa kunyamaza. Nawaulizeni: kwenye kampuni zenu, katika watu wote mliowahi kuwaadhibu kwa mambo ya usalama, kuna hata mmoja wa ngazi ya umeneja? Kwetu, miaka 21, nimeona wakipewa barua mafundi, saidia fundi, madereva, na mlinzi mmoja.

Sidai kila kosa lisamehewe. Anayekata kufuli la mwenzake, anayekuja amelewa kupanda kreni, huyo aondoke, na mimi nitakuwa wa kwanza kusaini. Lakini aliyesahau, aliyechoka saa ya 11 ya zamu, aliyefanya kile ambacho kila mtu anafanya kwa kuwa ratiba haiachi njia nyingine, mkimwadhibu huyo mnapata kitu kimoja tu: wa pili yake hatasema. Muulizeni "ilikuwaje" kabla ya "nani". Maneno hayo mawili yangetosha kuibadilisha karakana yetu ya zamani.

Na afisa usalama mtoeni chini ya meneja wa uzalishaji. Sijui nani aliwashauri kumweka pale. Anatakiwa kusimamisha kazi ya mtu anayemwandikia tathmini ya mwaka, mnategemea afanyeje? Alete taarifa yake kwa mkurugenzi mkuu moja kwa moja, na kikao cha bodi kianze na yeye kabla ya hesabu za fedha, wakati watu bado hawajachoka.

Bonasi ya siku bila ajali ifuteni. Pesa ileile, kama lazima itolewe, iende kwa hatari zilizoripotiwa na zikafungwa. Mwaka wa kwanza ripoti zitapanda, na mtaogopa, na mtu wa masoko atakuja kusema wateja wataonaje. Zikipanda shukuruni. Hatari hizo zilikuwepo tangu zamani, ila sasa mnaziona.

Ubao naomba mfanye hivi: ushusheni, mbao zake zina kazi nyingine. Pale pale getini wekeni karatasi ya wiki, hata ikiwa imeandikwa kwa mkono: kilichoripotiwa, nani amekabidhiwa kukirekebisha, lini kitaisha. Na jina la meneja aliyechelewesha liwepo kama lilivyo jina la fundi kwenye kibali.

Yule kijana wa kidole sasa ni fundi kamili, kampuni nyingine. Tulionana mwaka jana. Nilimwomba radhi, kwa kuchelewa miaka mingi, akacheka akasema bonasi ile alinunulia viatu. Kisha akaniuliza kama ile winchi ilitengenezwa. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi nilipohama ilikuwa bado inaning'inia.

Mkitaka kuanza, msianze kwa kuita kikao. Njooni karakana zenu usiku, kama saa 8, bila msafara na bila kupiga simu kwanza. Pitieni geti la nyuma. Mlinzi atawaandika kwenye daftari kama anavyoandika kila mtu, stoo watawapa kofia na miwani, na mkikuta winchi muulizeni anayeiendesha kama imewahi kuteleza. Akinyamaza kabla ya kujibu, msiondoke. Subirini.

Wenu,
Msimamizi wa zamu